Ndege Iliyopimwa Imeketi

Aliyeketi hapimwi kimo. Mmemsikia fundi akimtupia mwenzake maneno hayo, mkacheka, na sasa mwataka kujua yalizaliwa wapi. Basi tulieni, wajukuu. Methali hii ilianza na mlio, kabla mtu hajaona kitu.

Vuuuum! Ulikuwa mlio wa nyuki waliofungiwa mtungini, ukitoka juu ya mawingu. Watu waliokuwa wakikata mkonge katika nyanda za chini za Taita wakainua vichwa. Mlio ukakohoa, ukanyamaza, na hapo ndipo ilipochomoza ndege ndogo yenye mwili wa bati na mabawa ya turubai, ikiyumba, kioo chake cha mbele kikiwa cheusi tii kwa mafuta. Ikatua kwa kupapasa, ikaupita uwanja, ikaenda kujikita kwenye mkonge.

Aliyeshuka humo, ndevu zikidondoka mafuta, alikuwa Mwandoe. Ndege ile aliiunda mwenyewe, na dada yake mkubwa, Wakesho mshonaji, ndiye aliyeyavika mabawa turubai, mshono kwa mshono. Injini waliitoa kwenye gari lililopinduka. Haikuwa na pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake chuma chenye pembe tatu kilizunguka tu. Ikiwa chini, ilinguruma bila kudondosha tone. Ikipaa tu, bomba lake la kupumulia lilitapika mafuta ya kulainishia injini hadi kiooni. Watoto walikwisha kuitungia wimbo:

Ndege ya bati yalia,
mafuta yatumwagia!

Mzee Mwachofi, mwenyekiti wa ushirika wenye uwanja ule, akaja akitikisa fimbo.

"Mwandoe, leo umeponea mkonge. Kesho utaangukia watu. Darasa la injini hukukaa hata siku moja, unataka kushindana na kipanga? Jumamosi naulima uwanja huu."

"Jumamosi nitaruka, mzee."

"Na kioo kikirudi kichafu?"

"Lete trekta, nami nitakuokotea mawe mbele ya jembe. Lakini kikirudi safi, uwanja huu usiuguse tena."

"Kinywa unacho," Mwachofi akasema. "Injini ndiyo huna."

Maneno hayo yalimchoma Mwandoe kuliko mafuta ya moto. Aliifungua injini, akabadilisha pete za mpira, akidhani zimechakaa na zinapitisha mgandamizo unaoyasukuma mafuta nje. Akaligeuza bomba lielekee nyuma. Jirani mmoja akamwambia, "Si uzibe tu hilo bomba?"

"Nikuzibe wewe pua kwanza," Mwandoe akajibu, "tuone utapumulia wapi."

Na kila alipomaliza kazi, alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akayakuta yamepungua, akaongeza. Si yamemwagika? Kijiti kilisema hivyo, na nani abishane na kijiti?

Ijumaa Wakesho akaja na utepe wake shingoni. Alitaka kumshonea ovaroli. "Hata ukianguka," alisema, "uanguke umevaa." Mwandoe alikuwa amejikunja juu ya debe, kidevu mkononi.

"Simama nikupime."

"Nipime papa hapa. Nimechoka, dada."

"Nikupime umejikunja kama kobe, suruali ikuishie magotini? Simama, bwana! Aliyeketi hapimwi kimo!"

Mwandoe akainuka, akasita nusu njia. Alikuwa akitazama nyuma ya bega la dada yake. Ndege ile ilikuwa na gurudumu dogo chini ya mkia, kwa hiyo ikiwa ardhini ilikaa kitako, pua juu, kama mbwa anayengoja mfupa.

"Dada. Na hii imeketi."

"Nini imeketi?"

"Ndege! Pua juu, mkia chini. Mafuta yote yamekimbilia nyuma, na kijiti kiko mbele. Kinaniambia ni kidogo, nami naongeza. Ikinyooka angani yanarudi mbele na kufika kwenye mdomo wa bomba. Mimi ndiye ninayeilisha hadi inatapika!"

"Sasa umesimamia nini? Shika huku!"

Wakaileta meza ya Wakesho ya kukatia nguo, wakauinua mkia juu yake, ndege ikanyooka kama inavyonyooka angani. Wakayaacha mafuta yatulie. Mwandoe akachomoa kijiti. Mafuta yalikuwa yameipita alama mbali sana. Akayapunguza mpaka yakarudi penye alama, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Jumamosi trekta lilisimama mwisho wa uwanja, jembe tayari. Mwandoe akapanda, ovaroli mpya mwilini. Vuuuum! Akauzunguka uwanja, akauzunguka tena ingawa mara moja ingetosha, kisha akapita juu ya trekta karibu sana hata Mwachofi akashika kofia. Akatua.

"Futa kioo, mzee."

Mwachofi akatoa leso nyeupe. Akafuta kioo, akainama akafuta na tumbo la ndege. Akaitazama leso. Vumbi tu.

"Umebahatisha."

"Sikubahatisha. Nilipima vibaya, nikajirekebisha. Wewe je? Ulinipima nimeketi mkongeni, ukaniona mfupi. Aliyeketi hapimwi kimo, mzee. Ondoa trekta!"

Watu wakapokea maneno hayo kwa vifijo, na wimbo wa watoto ukafia pale pale. Tangu siku hiyo, anayedharauliwa kabla hajapewa kazi yake huwajibu wenye dharau: aliyeketi hapimwi kimo.

Mwachofi akampungia dereva mkono, jembe likainuliwa. Ndipo Mwandoe alipomgeukia Wakesho, ambaye utepe ulikuwa bado shingoni mwake, akapaza sauti ili wote wasikie:

"Dada, nakuahidi mbele yao: naweka kiti cha pili. Wa kwanza kukikalia ni wewe, na mshono wako utautazama ukiwa angani."