Mfupa Shingoni mwa Kanga

Paukwa!

Pakawa.

Na wewe uliyebetua midomo hapo nyuma, irudishe. Unasema kasuku hawezi kufundisha Kiingereza. Ulikuwepo? Hukuwepo. Basi nyamaza usikilize.

Hapo zamani za kale, Kasuku alitoroka nyumbani kwa mwalimu mkuu mmoja. Mbawa zake zilikuwa zimekatwa, haruki. Akatembea kwa miguu, tapu tapu tapu, mpaka kwenye ghala la pamba lililoachwa porini. Akapanda juu ya gunia, akafungua shule.

Wanyama wakaja. Nyani akaja, Ngiri akaja, Kanga akaja na vifaranga wake saba. Kanga alikuwa amechekwa maisha yake yote kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Hakutaka wanawe wachekwe.

Somo lilikuwa moja, kulinganisha. Nani mrefu kuliko nani, nani mnene kuliko nani.

"Ukitaka kusema 'Twiga ni mrefu kuliko mimi'," Kasuku alifundisha, "kwa Kiingereza husemi 'dhan mi'. Unasema 'dhan ai'. 'Dhan mi' ni ya washamba."

Wakaimba dhan ai, dhan ai, mpaka makoo yakakauka.

Na palikuwa na mfupa. Mfupa wa paja la mbuzi, umetiwa kamba. Aliyesema 'dhan mi' alivishwa shingoni, na mwenye mfupa hasemi neno mpaka mwingine akosee, amvishe yeye. Ndiyo sheria.

Siku moja mfupa ulikuwa kwa Ngiri. Kasuku akauliza, "Mama Kanga, nani mnene, wewe au Ngiri?"

"Ngiri ni mnene dhan mi."

Nyani akacheka mpaka akaanguka chali. Ngiri akavua mfupa, akamvisha Kanga. "Pole, mama. Shingo yangu ilishachoka."

Kanga akakaa karibu na mlango. Vifaranga walikuwa nje wakichakura mchwa, chaku chaku chaku. Ndipo alipoona nyasi zinatikisika na upepo hakuna. Akaona pua. Nguchiro.

Akainuka. "Mwalimu."

"Mwenye mfupa hasemi."

"Nguchiro yuko nje. Wanangu wako nje."

"Kama lazima useme, sema kwa Kiingereza. Nguchiro yuko karibu nao kuliko nani? Maliza sentensi."

Kanga akatafuta. Ai, au mi? Akamtazama Nyani, Nyani akatazama dari. Akamtazama Ngiri, Ngiri akajikuna sikio.

"Yuko karibu dhan... dhan..."

Kwii. Huko nje, mara moja tu.

Kanga hakutafuta tena. Akapiga ile kelele waliyomchekea, ke-ke-ke-ke-ke, mpaka mabati yakalia. Vifaranga wakakimbilia ndani. Akawahesabu. Sita. Akawahesabu tena. Sita.

Nyani na Ngiri wakatoka mbio, kila mmoja na njia yake, hata kwaheri hawakusema.

Nguchiro hakuwa ameshiba. Akaingia kwa mlango ule ule, mdomo bado mwekundu. Kanga akawasukuma wanawe nyuma yake, akatanua mbawa, akatoa makucha. Nguchiro akamtazama. Kisha akatazama juu ya gunia. Pale palikuwa na nyama isiyoruka, na isiyo na mama.

Akaanza kupanda, kwaru, kwaru.

"Mama Kanga," Kasuku akasema. "Mfukuze huyu. Piga ile kelele yako. Wewe una nguvu dhan mi."

Kanga alisikia vizuri kabisa. Akavua mfupa shingoni, akautupa chini ya gunia.

"Wako, mwalimu," akasema. "Na mwenye mfupa hasemi."

Nanyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Mtu akiita kwa hofu, mwendeeni kwanza. Maneno yake mtayanyoosha baadaye, kama bado mnaona haja.

Kanga akawatanguliza wanawe nje, mmoja mmoja, wote sita. Akatoka. Akaufunga mlango, akausukumia jiwe. Hadithi yangu nayo imeishia hapo, imefungiwa humo ndani.