Paja la Pongo na Jino la Watasema

Aliyekula paja ndiye mwenye jino. Ndivyo alivyosema mwenyekiti wa baraza la kata asubuhi ile, alipomwamuru mwenye mashine ya kusaga alipie matibabu ya mtoto aliyeumwa na mbwa. Mwenye mashine alikuwa ameapa kwamba mbwa yule si wake, anazurura tu pale mlangoni. Wajukuu wa Bibi Kabula walirudi nyumbani na maneno hayo mdomoni, wasijue paja limeingiaje kwenye kesi ya mbwa. Bibi akawaambia wakae wabangue karanga, maana hadithi haizuii mikono.

Methali hii, akasema, aliizaa mwanamke mmoja wa huku kwetu Unyamwezi, zamani kabla bunduki hazijaenea, na ilianza hivi.

Aliitwa Nyanzala, mjane mwenye watoto watatu. Jirani yake alikuwa Mihambo, msasi hodari, mwenye mdomo mtamu na mkono wa birika. Mihambo alikuwa na mbwa mwekundu aliyemwita Watasema, jina la kuwakomoa majirani. Siku hizo wanaume waliwinda pamoja, na desturi ilikuwa kwamba mbwa akiwa wa kwanza kumuuma mnyama, mwenye mbwa huyo hupewa paja la nyuma, na nyama nyingine hugawanywa. Hakuna aliyebishana na desturi hiyo, kwa sababu iliwaepusha watu kukatana mapanga juu ya mzoga.

Kiangazi kimoja Watasema alimkamata pongo mkubwa, yule swala wa vichakani. Mihambo akalibeba paja begani na kupita nalo katikati ya kijiji, taratibu, ili ambaye hajaliona alione. Jioni Nyanzala alimwendea na bakuli, akaomba kipande cha kuwachemshia watoto. Mihambo alimjibu bila hata kuinuka kwamba paja ni la mwenye mbwa, na asiye na mbwa ale mlenda. Nyanzala akarudi na bakuli lake tupu. Hakulia, lakini maneno yale yalimkaa moyoni.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Nyanzala alitoka na jembe kwenda kupanda mtama. Alipofika nyuma ya ua wa Mihambo, Watasema alimrukia bila kubweka, akamng'ata mkono wa kulia na kung'ang'ania mpaka watu walipokuja kumtoa. Mkono ulivimba hadi kwenye kiwiko. Mganga alimfunga dawa, akamkataza kushika jembe mpaka mtama wa wenzake ufike magotini. Maskini mama wa watu, hapo ndipo moyo ulipomuuma kuliko jeraha. Mvua haimngojei mgonjwa, na asipopanda sasa watoto watakula nini?

Alikwenda kwa Mihambo kwa adabu, akitaka jambo moja tu, alimiwe shamba lake mpaka mkono upone. Mihambo akajifanya kushangaa. Akasema mbwa yule alikuja mwenyewe, hulala popote na hula chochote, kwa hiyo kama ameuma, adaiwe mbwa. Baya zaidi, majirani wakaanza kumuuliza Nyanzala alikuwa akitafuta nini nyuma ya ua wa watu. Ndivyo dunia ilivyo, wajukuu zangu. Mwenye jeraha huulizwa maswali mengi kuliko mwenye meno.

Nyanzala hakukubali. Alipeleka shauri lake kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, mzee Kasubi, naye akawaita wazee. Mihambo alirudia maneno yake bila kujikwaa. Wazee wakatazamana. Fidia hulipwa na mwenye mnyama, na mnyama asiye na mwenyewe hana wa kumlipia. Kasubi alikuwa tayari kulifunga shauri, ndipo Nyanzala akaomba kusema.

"Mwanangwa, nina swali kwa wasasi. Yule pongo wa kiangazi, mbwa gani alikuwa wa kwanza kumuuma?"

"Watasema," wasasi wakajibu kabla hawajafikiri.

"Na paja alichukua nani?"

Mihambo alikuwa ameanza kuvitazama vidole vya miguu yake.

"Nilimwomba kipande," Nyanzala akasema. "Akaniambia paja ni la mwenye mbwa. Nikakubali, nikalala njaa na wanangu. Meno yaliyompatia paja ndiyo yaliyonipasua mkono huu. Aliyekula paja ndiye mwenye jino."

Mzee Kasubi akamgeukia Mihambo. "Ndugu yangu, chagua mwenyewe. Kama mbwa si wako, uliwadhulumu wenzako, basi warudishie paja lao, bichi kama ulivyolichukua. Kama ni wako, kachukue jembe."

Watu wakacheka. Mihambo akasema kwa sauti ndogo, "Ni mbwa wangu, mzee."

Kulipokucha alikuwa shambani kwa Nyanzala. Alilima, akapanda, akapalilia, akamlipa mganga, na Watasema akafungwa kamba. Nyanzala alipotaka kumshukuru, mzee Kasubi alimkataza, akamwambia haki haishukuriwi kama zawadi. Vidole viwili vya Nyanzala havikunyooka tena. Vidole hivyo fidia haikuweza kuvirudisha. Lakini mtama ulikomaa, na watoto wake walikula.

Bibi Kabula aliponyamaza, mjukuu mmoja akasema kwamba mwenye mashine hakuwahi kula paja lolote.

Bibi akapuliza maganda ya karanga kwenye ungo. "Usiku kucha analala fofofo, mbwa anamlindia mashine yake. Kukicha anasema hamjui. Usingizi ule ndio paja lake, mjukuu wangu. Na aliyekula paja ndiye mwenye jino."