Kofia Moja, Vichwa Vitatu

Wewe hapo, huo mdomo urudishe mahali pake. Umesikia mpira wenye umbo la yai ukaanza kubenua, kwa kuwa kwenu mpira ni wa duara na hupigwa teke. Huu hukumbatiwa, hurushwa, watu hupigana vikumbo kama fahali, na anayeuvusha mstari wa mwisho ndiye mwenye pointi. Mchezo huu umetoka Marekani ukafika mpaka kando ya mashamba ya mkonge, chini ya milima ya Taita. Hujauona? Babu wa babu yako pia hukumwona, na damu yake unayo.

Haya. Palikuwa na waamuzi watatu, jezi za milia, kofia nyeusi. Wakesho alikuwa na jicho la miguu. Akisimama kando ya uwanja, kisigino kikigusa chokaa kwa upana wa punje ya mtama, anakiona. Mwadime, mumewe, alikuwa na jicho la mstari wa mwisho. Akisimama pale hang'oki, ungedhani kapandwa pamoja na mlingoti. Mghoi alikuwa na jicho la mikono. Yeye husimama katikati, penye msukumano, aangalie nani anamvuta nani jezi. Huko hupigwa viwiko, na hakuna mtazamaji anayelijua jina la mwamuzi wa hapo.

Mkubwa wao, Mzee Shako, alivaa kofia nyeupe. Huwa moja tu uwanjani, na mwenye nayo ndiye mwenye neno la mwisho. Aliwafundisha hivi: "Kila jicho na shamba lake. Ukienda kupalilia la jirani, ngiri wataingia kwako." Lakini magoti yalikuwa yamemchoka. Siku ya fainali, timu ya Mkonge na ya Bondeni, akawaambia, "Hii ndiyo yangu ya mwisho. Atakayeiokoa mechi hii na ugomvi, kofia ni yake."

Kofia ile Mghoi aliitamani kama mja mzito anavyotamani udongo.

Mkonge walikuwa nyuma, na muda unayoyoma, pale mrushaji wao alipoutupa mpira pembeni. Akaudaka Mwakio, mdogo wake Mghoi, kijana ambaye tangu aanze kucheza hajawahi kuuvusha mstari hata siku moja. Akachomoka.

Wakesho alikimbia sambamba naye, macho kwenye viatu. Jitu moja la Bondeni likamkosa Mwakio, likampata Wakesho. Mtu akianguka hufumba macho. Wakesho hakufumba. Alilala kifudifudi, jicho moja limejaa chokaa, na kwa lile lililobaki akaona kiatu kikipita ndani ya mstari.

Mwadime alimwona mkewe chini. Watu wakampigia kelele, "We mwanamume, mwinue mkeo." Akabaki na mstari wake. Mwakio akaruka, akakumbwa hewani, na Mwadime akauona mpira ukivuka kabla goti la kijana halijagusa nyasi, maana goti likitangulia hakuna pointi.

Na Mghoi? Alisikia uwanja mzima ukiliita jina la Mwakio. Shingo ikamwasha. Kuigeuza kidogo tu kungetosha. Lakini mbele yake vijana walikuwa bado wamekabana, na mikono ndiyo shamba lake. Akaitazama mikono mpaka filimbi ikalia. Alipogeuka, mdogo wake alikuwa amekwisha kubebwa mabegani.

Bondeni wakaja juu. "Mguu ulitoka," akasema nahodha wao.

"Ulikuwa ndani," akasema Wakesho, huku akitema chokaa.

"Basi mpira haukufika."

"Ulifika," akasema Mwadime.

"Basi mtu wetu alivutwa jezi kule katikati. Bila hivyo tungemwangusha mrushaji."

Hilo lingekuwa kweli, pointi hizo zingefutwa. Wakamgeukia Mghoi. Kitambaa chake cha njano, kile anachotupa chini akiona kosa, kilikuwa bado kiunoni.

"Hakuna aliyevutwa. Sikubandua macho."

"Na mdogo wako je, alivyovusha?"

"Sikumwona."

Nahodha akampa mkono. Watu wakaenda kunywa chai, Bondeni na Mkonge benchi moja.

Waamuzi wakaingia chumbani. Mzee Shako akaiweka kofia mezani.

"Mimi nimekanyagwa," akasema Wakesho.

"Wewe umekanyagwa mara moja," akasema Mwadime. "Mimi nitakanyagwa leo nyumbani, na kesho, na kesho kutwa."

"Na utastahili."

Mghoi akacheka nao, kisha akasema, "Nyinyi mmeona. Mwakio kavusha, mpaka mbuzi wa jirani wamemwona, isipokuwa dada yake."

"Kwa hiyo wataka kofia kwa kutoona?" akauliza Wakesho.

"Kwa kutotazama, mama. Jaribu siku moja."

Mzee Shako akaishika kofia, akaigeuza, akairudisha mezani. "Mmoja wenu angeacha shamba lake, saa hizi tungekuwa tunashonwa vichwa," akasema.

Basi kofia iko pale. Apewe Wakesho aliyeona akiwa chini, Mwadime aliyemwacha mkewe chini, au Mghoi aliyeinyima shingo yake furaha ya mdogo wake? Na asiniambie mtu waigawe. Kofia si muhogo. Wewe uliyebenua mdomo, anza wewe: ungemvika nani? Mimi natoka, na mlango huu naufunga kwa nje. Mkikubaliana, gongeni.