Majani Yenye Ukingo Mwekundu

Siku ya Jumatano, mwezi kumi na saba Shaabani, saa mbili na robo asubuhi, kwa hesabu ya saa ya maji iliyokuwa ikidondoka katika baraza ya Sultani Muizu bin Shahabi, mtawala wa mji wa Kaharubani katika bara ya Sini, ndiyo Uchina, Waziri Kadhimu alifungua sanduku la chai ya Mlima wa Mawingu, akalowesha jani moja lililoviringwa, nalo likafunguka, na tumbo lake likawa kijani na ukingo wake mwekundu.

"Maulana!" akapiga ukelele. "Majani haya yamepondwa. Mzee Lao amekuletea takataka za ungo!"

Na Sultani, ambaye tangu kufa kwa mama yake hakuonja ladha ya chakula wala usingizi, akaghadhibika, na akaamuru Mzee Lao, fundi wa chai, afungwe, na akatwe kichwa Ijumaa baada ya sala.

Habari ikamfikia Suyini, binti wa Mzee Lao, huko mlimani, naye alikuwa akitikisa majani katika ungo wa mianzi, kwani ndiyo desturi yao: jani huchumwa na kunyaushwa juani, kisha hutikiswa kwa upole mpaka kingo zake ziumie, na hulazwa kivulini, na hutikiswa tena, na palipoumia hutoka harufu ya maua, ndipo hutiwa motoni na kuviringwa. Suyini akaweka ungo chini akalia, na ukungu ukakusanyika ukawa mtu mrefu asiye na miguu, naye ni Dhababi, jini aliyefungwa kwa ahadi ya mababu kuufunika mlima kila alfajiri, na kutimiza haja moja ya kila kizazi.

"Bibi mdogo," akasema, "niamuru, niponye kila jani lililomo mlimani, na Waziri akose la kusema."

"Na harufu?"

Jini akajikuna kidevu. "Harufu itakwenda pamoja na jeraha."

"Basi nitakuwa nimekiri kwamba majani ya baba yalikuwa takataka, na atakatwa kwa hayo. Hapana, babu. Ingia ndani ya jani, ulale mpaka nikuamshe."

"Mimi, nifunikaye vilele tisa, nilale ndani ya jani?"

"Jikunje. Hata zulia la Sultani hukunjwa."

Ijumaa asubuhi Suyini akasimama barazani, akaomba amwonjeshe Sultani chai ya baba yake kabla ya hukumu, na Mzee Lao yuko kando na minyororo yake, na mshika upanga yuko nyuma ya Mzee Lao. Akatia majani katika buli dogo, akamimina maji ya moto, na papo hapo akayamwaga.

"Tazameni!" akasema Waziri. "Amwaga haki ya Sultani mbele ya macho yake!"

"Hayo ni ya kumwamsha mlalaji, Bwana Waziri. Au wewe hupokea wageni kabla ya kunawa uso?"

Watu wakaziba midomo, na Suyini akamimina tena, akampa Sultani.

"Ni chungu," akasema Sultani, na mshika upanga akajongea.

"Meza, maulana, kisha ungoje kidogo."

Sultani akameza, na utamu ukapanda kutoka kooni mwake, mahali ambapo hapakuwa tena na chai. Na ukungu ukatoka katika buli ukatambaa sakafuni, na nguzo za baraza zikawa misonobari, na kila maji yalipomiminwa mlima ukazidi kukaribia: mara harufu ya pichi mbivu, mara ya mawe yaliyonyeshewa, na watu wakasikia maporomoko mbali na wasijue kama wamekaa au wanaelea. Mwisho Suyini akampa kikombe kitupu.

"Hakina kitu."

"Kinuse, maulana."

Akanusa, na ilikuwa harufu ya ushungi wa mama yake, na machozi yakamtoka.

"Kumbe palipoumia ndipo panaponukia," akasema. "Mfungueni mzee huyu." Kisha akaegemea mto akalala, mpaka adhana ikamwamsha.

Mzee Lao akapewa joho na mashamba, na ikawa funzo kwa watawala wasihukumu jani kwa ukingo wake. Lakini wasemao kwamba haya yalianza Alhamisi wamekosea, kwani saa ya maji ina mwandishi wake. Wala si kweli kwamba jini alimtupa Waziri baharini. Waziri alizeeka salama, na chai hiyo aliinywa kwa sukari. Na wasemao Suyini alihamia jumbani hawasemi kweli: Sultani alimposa, naye akajibu kwamba mchai hauhami mlima, basi Sultani ndiye aliyepanda, na harusi ikawa huko ukunguni. Na wote husimulia kwamba maji yalimiminwa mara saba. Ni mara nane, wao huhesabu yaliyonywewa, wakasahau yale yaliyomwagwa, nayo ndiyo yaliyomwamsha jini.