Fisi Aliyesubiri Amina

Hadithi ije, isije?

Ije, na uongo wake uje.

Na utamu je?

Ukolee, uwafikie mpaka wa kule mlangoni.

Haya, wa kule mlangoni sogeeni, maana hadithi yenyewe inaanzia hapo mlangoni.

Hapo kale wanyama walikuwa na kigango chao, kanisa dogo juu ya mawe, na katekista wao alikuwa Fisi. Padre hawakuwa naye, kwa hiyo Fisi ndiye aliyepiga kengele, Fisi ndiye aliyeongoza sala, Fisi ndiye aliyewakemea waliochelewa. Taya lake lilivunja mfupa wa nyati, basi akikukemea, unakemeka.

Sala yao ilikuwa ya Kilatini. Wote walielekea ukuta wa mashariki, mlango wakaupa mgongo. Hakuna aliyeelewa hata neno moja, na Fisi mwenyewe hakuelewa, lakini ilikuwa tamu, nisiwadanganye. Aliyeipenda kuliko wote ni Mama Pimbi, mjane mdogo asiye na mkia. Akiisikia ile Kirie, wimbo wa kuomba huruma, inapanda taratibu, moyo wake ulitulia, akasahau hata njaa.

Na njaa alikuwa nayo. Kila Jumapili wanyama walileta sadaka ya mavuno, mahindi na karanga na viazi, wakaitia kwenye kapu kubwa mlangoni. Ile ilikuwa akiba ya wajane na yatima, iwavushe miezi ya kiangazi. Mama Pimbi na wanawe hawakuwa na kingine cha kutegemea.

Sasa Fisi alisimama wapi wakati wa sala? Alisimama hapo hapo kwenye kapu, nyuma ya wote. Alisema analinda.

Kengele ikalia, keleng keleng. Vichwa chini, macho fumbu. Kule nyuma, kwachu, kwachu, kwachu. Wakigeuka, kapu jepesi.

"Malaika wamepokea," Fisi anasema, huku anajifuta midomo. Karanga si chakula cha fisi, mtaniambia. Cha bure kina mchaguzi?

Siku moja akaja Korongo, mjumbe wa Baba Tembo, mkuu wa vigango vyote, aliyekaa ng'ambo ya milima. Korongo akatua, akakunja mguu mmoja, akatoa habari. Baba Tembo amesema kuanzia sasa kila kigango kisali kwa lugha ya nyumbani, na watu waizunguke altare, watazamane.

Kigango kikagawanyika. Swala wakafurahi, wakaanza kutafuta ngoma. Kobe akasema yeye amezoea ukuta wake na hana haja ya kutazama uso wa mtu asubuhi. Mama Pimbi akalia, alilia kweli, maana alijua ataikosa Kirie yake.

Lakini hakuna aliyeshtuka kama Fisi. Watu wakitazamana, lazima wengine watazame mlangoni. Akapanda juu ya jiwe akanguruma kwamba hayo ni mapotovu, kwamba Tembo wa kweli hawezi kusema hivyo.

"Aliyesema si Tembo," akamaliza. "Kiti cha Tembo hakina mtu. Sisi hapa tunafuata ya kale, na cha kale hakiguswi."

Wanyama wakamfuata. Wengine waliogopa taya, wengine waliipenda Kirie, na Fisi alijua kuyachanganya hayo mawili.

Jumapili iliyofuata, keleng keleng. Vichwa chini, macho fumbu. Kule nyuma, kwachu, kwachu, na ganda la karanga likaruka, likamwangukia Mama Pimbi kisogoni. Mama Pimbi hakugeuka. Alilitia ganda kinywani, akalinyonya, akafikiri. Uchungu ulimjaa. Hakumkasirikia Tembo tena, wala hakulilia Kilatini. Alikumbuka wanawe na kiangazi kilichokuwa njiani. Lakini ukimwita fisi mwizi mbele ya meno yake, nani atakuzika?

Sala ilipokwisha akasimama mbele ya wote, akamsalimu Fisi.

"Tumsifu, Mwalimu."

"Milele amina. Umekuja kubishana?"

"Nimekuja kukuunga mkono. Wewe unataka ya kale, na mimi nataka ya kale kabisa."

Akaeleza, kwa sauti ndogo ya adabu, mambo aliyorithi kwa bibi wa bibi yake. Katekista wa kale hakusimama mlangoni. Alipiga magoti mbele kabisa, pua ukutani, mikono juu ya kidato cha altare. Wala hakugeuka mpaka watu waitikie Amina. Akigeuka kabla, sala imeharibika, na yeye ameingia upande wa Tembo.

Je, ni kweli? Anajua bibi wa bibi, naye ameshakufa.

Fisi akafungua kinywa kukataa. Wanyama wote wakamtazama. Akakifunga. Alikuwa amesema cha kale hakiguswi, na alisema hayo juu ya jiwe.

Basi Jumapili ikafika. Fisi mbele, magoti juu ya mwamba, pua ukutani. Keleng keleng. Vichwa chini, macho fumbu. Fisi akaimba Kirie mpaka mwisho, akangoja Amina.

Kimya.

Kule nyuma, chwa, chwa, chwa. Ni miguu ya Mama Pimbi na wajane wenzake, wanabeba mahindi kwenda pangoni.

"Mbona hawaitikii?" Fisi akauliza ukutani.

"Wanatafakari, Mwalimu," akajibu Kobe, ambaye siku hiyo aliacha ukuta wake akawa mtazamaji.

Chwa, chwa, chwa. Karanga zikaenda, viazi vikaenda. Jua likapanda, magoti ya Fisi yakawaka, kiuno kikazama chini, tumbo likanguruma. Hakuweza kugeuka. Mama Pimbi akarudi, akapangusa vumbi, akapiga magoti mahali pake, akaimba Amina ndefu, tamu, ya kale. Wote wakaipokea, kama walivyokubaliana naye.

Fisi akageuka. Kapu tupu.

"Sadaka iko wapi?"

"Malaika wamepokea, Mwalimu," akasema Mama Pimbi.

Hapo swala mmoja akacheka, kisha mwingine, kisha kigango kizima, na fisi hamli mtu anayemcheka akiwa na wenzake wote. Akaondoka kwa hasira, akaenda porini kuanzisha kigango chake. Huko yeye ndiye katekista, yeye ndiye waumini, na Tembo pia ni yeye.

Kigango cha mawe kikafuata neno la Baba Tembo, wakatazamana, wakapiga ngoma. Ila Mama Pimbi alimtuma Korongo kuomba kitu kidogo, na Tembo akakubali. Mara moja moja, alfajiri, wanaelekea ukuta na kuimba ile Kirie. Kapu wameliweka mbele. Kiangazi kikaja, kikapita, na watoto wa Pimbi wakanenepa.

Na Fisi? Kiuno chake hakikunyooka tena, mtazameni anavyotembea. Usiku mtamsikia, uuuu-wiii, akimaliza sala yake, kisha ananyamaza. Anangoja mtu aitikie Amina.

Funzo, wanangu: msibishane na wakubwa. Mtiini mkubwa katika kila neno alilosema, mtiini sawasawa, mpaka ahame.

Hadithi imekwisha. Amina?

Tunatafakari.