Bibi Nambua Aliyeomba Maji Nyumba kwa Nyumba

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Zamani, kale kabisa, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Kila mwanamke alifinyanga, pa! pa! pa! Aliyewazidi wote kwa busara ni Bibi Nambua, na mpaka leo tunamkumbuka.

Mjane mmoja, Mkunde, alikuwa na watoto wawili na mbuzi mmoja wa maziwa. Alimtoa mbuzi, akapewa kuni za kuchomea vyombo mara moja tu. Vyombo visipouzika, watoto watalala njaa.

"Nitafinyanga vyungu vya kupikia," alisema. "Mwaka jana viliisha gulioni kabla ya adhuhuri!"

Bibi Nambua akauliza, "Walionunua ni akina nani?"

"Watu, bibi! Ulitaka nyani ndio wanunue?"

Wafinyanzi wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Bibi akainuka. Alichukua fimbo, akaenda, ko, ko, ko. Kila nyumba akabisha hodi, akaomba maji. Akanywa, akatazama, akaondoka. Siku tatu, vijiji vitatu. Ko, ko, ko.

"Bibi huyu kameza chumvi!" watu wakasema.

Aliporudi alimwita Mkunde. "Mjukuu wangu, mwaka jana kulikuwa na jando. Kila nyumba ilipikia wageni. Vyungu vile bado vizima, nimeviona mekoni. Lakini mitungi ya maji! Katika kila nyumba kumi, saba wameziba nyufa kwa nta. Na nta haistahimili jua la kiangazi. Finyanga mitungi."

"Wasiponunua je, bibi?"

"Basi nitakuwa nimekunywa maji bure, nawe utanitukana. Finyanga."

Mkunde akafinyanga mitungi, pa! pa! pa! Wenzake wakafinyanga vyungu.

Siku ya gulio, kiangazi kimekolea. Asubuhi, kimya. Jua likapanda, kimya. Mkunde akaanza kulia. Mara akaja mama mmoja, kalowa mgongo mzima.

"Mtungi wangu umenipasukia njiani! Nipe huo!"

Nyuma yake wawili. Nyuma yao kumi. Kila mtungi kwa kapu la mtama. Hata ule uliopinda shingo ukagombewa.

Jioni watoto wakala ugali mpaka wakasinzia na matonge mkononi. Mkunde akashusha pumzi, fyuuu!

"Bibi, mwakani nifinyange mingapi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Bado hawajaivunja hii."

Ndugu zangu, ukitaka kujua utauza nini kesho, usiliulize kapu lako la jana. Kaulize jikoni kwa mnunuzi.

Hapo naitua hadithi yangu, nami nipumzike.