Bakuli la Nyati

Hapo zamani za kale, zamani hasa, bibi yake bibi yangu alikuwa bado hajaota jino, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao na majirani zao. Kaeni vizuri. Wewe uliye nyuma, mwachie mwenzako sikio lake. Hadithi hii ina kicheko, lakini mwanzo wake ni wa upweke, nami siruki mwanzo kwa ajili ya mtu.

Palikuwa na Digidigi mmoja, jina lake Mwatime. Mdogo, miguu myembamba, macho makubwa. Digidigi huishi wawili wawili, mume na mke, basi. Mume wake aliitwa Chengo, fundi wa kuchonga mabakuli ya mti. Mwaka mvua zilipokosekana, Chengo akaugua, akafa.

Majirani walikuja matangani. Mzee Tembo alilia mpaka akalowesha mkeka. Mama Kiboko alipika. Bwana Nyati alichimba kaburi peke yake, kwa pembe zake. Siku ya tatu wakakunja mikeka, na pale mlangoni wakaambiana, "Tusimsumbue. Mwacheni apumzike."

Basi wakamwacha apumzike. Siku kumi, siku ishirini, mwezi. Kila aliyepita karibu na nyumba yake alinyata, nya, nya, nya, asije akamsumbua. Mwatime kule ndani alisikia hatua zinakuja, akainuka, akajifunga kanga vizuri. Kisha akasikia hatua zinapita. Akakaa tena.

Alipakua uji vikombe viwili, akakumbuka, akarudisha kimoja chunguni. Siku moja alijaribu kuimba kidogo akaona sauti imekwama, maana hakuwa amesema neno na mtu kwa siku sita. Akaingiwa na hofu kweli. Akajiambia, "Mwatime, ukikaa hivi mpaka mvua, mvua itakuta umekufa."

Mtasema, si angekwenda yeye kwa majirani? Alikwenda. Alifika kwa Tembo, na Tembo akashtuka.

"Maskini, umetoka na msiba wako? Rudi ukapumzike, mwanangu."

Akamsindikiza hadi kwake, akamfungia mlango kwa mkonga wake mwenyewe. Ndiyo huruma hiyo, wanangu. Wengine wanaua kwa huruma.

Sasa sikilizeni. Nchi ile ilikuwa na desturi. Chombo cha jirani kikija kwako na chakula, hukirudishi kitupu. Unatia chochote, unakipeleka mwenyewe kwa mwenye chombo, na huondoki kabla hujakaa kitako. Ila nyumba yenye msiba haikuhesabiwa. Mfiwa akikuletea chakula unamwambia pole, kula mwenyewe, unamrudishia pale pale.

Mwatime akawaza mpaka masikio yakamsimama. Akachukua bakuli moja kati ya matatu aliyoachiwa na Chengo, akatia mbegu saba za maboga alizozikaanga kwa chumvi, akafunika kwa kawa, mbio mpaka kwa Tembo.

"Hodi."

"Karibu. Mwatime? Si nilikwambia wewe…"

"Mimi nimetumwa tu, Mzee Tembo. Bwana Nyati ameazima bakuli langu, anakuletea mbegu."

Tembo akatandaza masikio. Yeye na Nyati hawakuwa wanasemezana tangu wagombane kisimani. Na Kiboko naye alikuwa amewanunia wote wawili.

"Nyati? Aniletee mimi?"

"Wewe. Ila anaona haya. Amesema usimtajie kabisa, na bakuli umrudishie mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye bakuli si mimi?"

Tembo akala zile mbegu moja moja, ingawa kila moja ilipotelea mdomoni kabla hajaitafuna. Kesho yake Mwatime akasikia ti, ti, ti, hatua za mtu asiyenyata.

"Hodi hapa."

Jamani, hodi. Mwatime alishika mlango kwanza, ndipo akaweza kusema karibu.

Tembo alileta makopa ya muhogo. Akakaa kitako kama desturi ilivyotaka, akaanza kueleza habari za goti lake la kushoto, tangu lilipoanza kuuma mpaka siku ile. Ilikuwa habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Mwatime hakuwahi kusikia habari tamu kama ile.

Tembo alipoondoka, yale makopa yakaenda kwa Mama Kiboko. "Yametoka kwa Mzee Tembo," akasema Mwatime. "Anaona haya, usimtajie."

Kiboko akayatazama makopa, akamtazama Mwatime. "Haya," akasema.

Akarudisha bakuli na kunde. Zile kunde zikaenda kwa Nyati.

"Hff! Kutoka kwa Kiboko? Huyu huyu aliyesema kichwa changu ni kinu?"

"Anaona haya, Bwana Nyati."

"Na aone," akasema Nyati, akazila kwa kusimama. Kesho yake akarudisha bakuli na mtama.

Ikawa hivyo, mabakuli yakizunguka, Mwatime akionja kidogo na kupeleka mbele. Sidanganyi watoto wa watu: wageni wakishaondoka, nyumba ilinyamaza vilevile, na Chengo hakurudi. Lakini sasa ukimya ule ulikuwa na mwisho. Kesho mtu angepiga hodi.

Mpaka siku ile Nyati alipolikanyaga bakuli. Kwach! Vipande viwili. Akaona aibu, akatia mtama kwenye bakuli lake mwenyewe, kubwa, la pembe, akaenda kuomba radhi. Akamkuta Tembo amekuja na makopa, na Mama Kiboko amekuja mikono mitupu, kusalimia tu.

Tembo akaona siri imemchosha. "Bwana Nyati," akasema, "zile mbegu zako za maboga, ahsante sana."

"Mbegu gani? Mimi silimi maboga."

Nyati akageuka polepole.

"Mwatime, na zile kunde alinitumia nani?"

Mama Kiboko akaangalia dari.

"Hakuna aliyetuma kitu," akasema Mwatime. "Ni mimi. Nimewadanganya wote watatu."

"Kwa sababu ya njaa?" akauliza Nyati.

"Kwa sababu ya hodi. Mlisema niachwe nipumzike. Nimepumzika mpaka nikasahau sauti yangu. Aliyekufa ni Chengo, lakini mlitufukia wote wawili."

Tembo akainamisha kichwa, mkonga ukagusa sakafu. Mama Kiboko akajikohoza.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Tembo huyu ampe mtu makopa yake bure? Lakini na mimi nilikuwa sijapigiwa hodi tangu mvua ikatike. Nikanyamaza, nikatia kunde."

Nyati yeye hakulainika. Alikuwa mtu asiyependa kufanywa mjinga, na uso wote ulimfura.

"Nipe bakuli langu niende. Sirudi hapa tena."

Mwatime alimjua: Nyati akisema harudi, huwa harudi. Akachukua bakuli la pembe, akamimina mtama chunguni, akatazama ndani.

"Siwezi kukupa."

"Huwezi nini?"

"Halirudi tupu, Bwana Nyati, na mimi leo sina kitu. Nikitia mtama wako huo huo, nitakuwa nimeukataa."

Tembo akavuta yale makopa yake na kuyaficha nyuma ya mgongo.

"Desturi hiyo haihusu nyumba yenye msiba," akanguruma Nyati.

"Kumbe hapa bado ni nyumba ya msiba? Basi mbona mwezi mzima unarudisha mabakuli?"

Nyati akapiga kwato chini.

"Amekubana," akasema Tembo.

"Lini utakuwa na kitu cha kutia?" akauliza Nyati.

"Njoo kesho uulize."

Akaja kesho yake, amenuna. "Bakuli langu?" Bado. "Basi keti kidogo, Bwana Nyati." Akaketi, na kwa kuwa hakujua kukaa bure, akaikaza nguzo iliyokuwa inalegea. Akaja keshokutwa. Akaja mtondo. Tembo na Kiboko wakawa wanakuja kumtazama akidai, maana ilikuwa burudani, na siku moja wote wanne wakajikuta wanacheka, Nyati akiwa wa mwisho kuacha.

Mvua zikanyesha. Maboga yakakomaa. Mwatime akajaza lile bakuli mbegu za kukaanga mpaka zikamwagika, akaliweka mlangoni.

Nyati akaja, akapiga gumzo mpaka jua likapinda, akainuka kwenda zake.

"Bwana Nyati, bakuli lako hilo, tayari."

Nyati akalitazama, akalizunguka, akalivuka.

"Leo nina haraka," akasema. "Nitalipitia kesho."

Nami nanyamazia hapo. Jirani yako akifiwa, usimwache apumzike. Nenda ukapige hodi.